Kikohozi Kilichoshangiliwa

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Nikimsifu mtu, ujue nimemchunguza, nimemkasirikia, nimepatana naye, na bado nimeona hana mpinzani. Besi nilimkasirikia tangu siku ya kwanza tulipopangiwa chumba kimoja bwenini. Nilikuwa nimejilaza kitanda cha juu nikitafuta usingizi wa mchana, mara chuma cha kitanda kikaanza kutetemeka. Nikachungulia chini. Msichana mwembamba mwenye miguu mirefu alikuwa amekaa anakunja shuka zake, huku mdomo umefumbwa, anavuma wimbo kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwa mwanamke.

"Dada," nikamwambia, "hiyo ni sauti yako au umekuja na jenereta?"

Hakukasirika. Alinitazama, akacheka, na kicheko nacho kilikuwa kizito vilevile. "Ni yangu. Nyumbani wananiita Besi."

"Basi hata mimi nitakuita hivyohivyo. Ila ukivuma nikiwa nimelala, tutagombana."

Tuligombana. Wiki nzima ya kwanza tulisalimiana kwa kununa. Halafu nikaugua tumbo, akaniletea maji ya moto, akanibadilishia shuka nikiwa humohumo kitandani bila kuninyanyua, kama tulivyofundishwa darasani, na alipomaliza nikaona aibu kuendelea kununa. Tangu hapo tukawa marafiki, ingawa jenereta haikuzimwa.

Chuo chetu kilikuwa cha Kikristo. Upande mmoja kulikuwa na hospitali ya chuo, upande wa pili kanisa, na katikati uwanja wa nyasi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzikanyaga isipokuwa mtu wa kuzikata. Wengi wetu tulisoma shahada ya uuguzi, na hiyo peke yake ilitutoa jasho. Wengine walisoma masomo ya ibada: kuongoza kwaya, kupiga kinanda, kupanga ibada, kujua neno gani lisemwe kwenye msiba na lipi lisisemwe. Besi alichukua yote mawili. Utaratibu wa chuo uliruhusu, lakini tangu nifike pale sikuwa nimemwona mtu aliyejaribu akafika mwisho. Asubuhi alikuwa wodini na sare yake ya samawati, mchana alikuwa kanisani na karatasi za nyimbo kwapani, na chakula alikila akitembea kati ya huku na kule.

Siku moja tukiwa tunafua nyuma ya bweni nikamwuliza kwa nini anajitesa hivyo. Alinijibu bila kuacha kusugua kola.

"Mama yangu aliugua muda mrefu kabla hajafariki. Mimi ndiye nilikuwa nakaa naye hospitali. Wauguzi walikuwa wazuri, sisemi uongo, ila hawakuwa na muda. Wanamgeuza, wanachoma sindano, hao wameenda. Jumapili wanakuja watu wa kanisa, wanaimba vizuri kweli, mama anafurahi. Lakini akitaka kugeuzwa upande wa pili, wanabaki kutazamana. Nikawa nasema moyoni, kwani hawezi kupatikana mtu mmoja anayejua yote mawili?"

Nikamsaidia kukamua shuka.

Nyumbani kwao hawakuwa na kauli moja. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kelele za mashine zilikuwa zimemharibia masikio, kwa hiyo akipiga simu bweni zima lilijua. "MUUGUZI WANGU HAJAMBO?" Mtaani kwake alishatangaza kwamba binti yake ni muuguzi, wakati huo binti bado anajifunza kutandika kitanda pembe zikae sawa. Shangazi yake, aliyemlea baada ya mama kufariki, alimwonea huruma. "Mwanangu, chagua moja," alimwambia kila walipoongea. "Ibada utaifanya hata ukiwa mzee. Au uuguzi uache, uwe mwimbishaji. Ila yote mawili yatakumaliza." Besi alijibu, "Sawa, shangazi," halafu hakuchagua.

Mambo yaliharibika mwaka wa tatu.

Mkufunzi wetu wa wodini tulimwita Mama Kimya. Si mbele yake, tulikuwa bado tunapenda maisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, viatu vyake havitoi sauti, na hakuwahi kumgombeza mtu. Ukikosea alikuja kusimama ubavuni mwako akanyamaza, mpaka mwenyewe ulione kosa lako. Wapo waliokuwa wakilia kabla hata hawajajua wamekosea nini. Mimi nilikuwa nasema afadhali angetupigia kelele tu, tujue moja.

Mtihani wa vitendo ulikuwa hivi: unapewa mgonjwa mmoja, unampima joto, pumzi, mapigo ya moyo na presha, unaandika kwenye chati yake, na Mama Kimya naye anapima nyuma yako. Besi alipewa mzee mmoja mwenye kidonda kibaya cha mguu. Madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto, na ng'ambo ya nyasi kwaya ilikuwa kwenye mazoezi, inaimba wimbo ambao Besi mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Akashika kifundo cha mkono wa mzee, akatazama saa yake, midomo ikacheza kidogo, akaandika sabini na mbili. Mapigo ya mtu mwenye afya zake.

Mama Kimya akashika mkono uleule. Alipata mia na ishirini. Moyo wa yule mzee ulikuwa unakimbia, maana sumu ya kidonda ilikuwa imeanza kuingia kwenye damu, na hakuna aliyekuwa ameligundua hilo. Daktari akaitwa, dawa zikabadilishwa palepale, mzee akahamishiwa chumba cha uangalizi. Alipona, nashukuru kusema. Lakini chati ilibaki na ile sabini na mbili kwa mwandiko mzuri wa Besi.

Mama Kimya alimtoa mpaka kwenye korido. Nilikuwa napanga mabeseni karibu na mlango, na sitajifanya mtakatifu, nilitega masikio.

"Sabini na mbili umeitoa wapi?"

Kule kanisani kwaya iliendelea kuimba, haina habari. Mama Kimya aliinamisha kichwa, akausikiliza wimbo, akatazama saa yake huku anagonga ukuta kwa kidole kufuata mwendo. Akahesabu dakika nzima.

"Umehesabu wimbo," alisema.

Nimeona wanafunzi wakikosea kila namna. Kuna mmoja alimpima mgonjwa joto na kifuniko cha kipimajoto hakijatolewa. Lakini kuihesabu kwaya badala ya moyo wa mtu, hilo lingeweza kumpata mtu mmoja tu pale chuoni, anayeshinda nusu ya siku wodini na nusu kanisani.

"Utarudia mtihani mwisho wa muhula," Mama Kimya alisema. "Ukifeli tena, uuguzi umeishia hapo. Utabaki na masomo yako ya ibada. Na kuanzia leo, wodini kwangu huimbi. Huvumi. Hata mluzi sitaki kuusikia."

"Ndiyo, Mwalimu."

Nilirudi chumbani nimejiandaa kumtania ili acheke. Nilipomwona amekaa sakafuni na sare yake, amekumbatia magoti, nikashindwa. Nikakaa naye. Simu ya baba yake ikaita, akaitazama mpaka ikakatika yenyewe.

"Nitamwambia nini?" aliniuliza. "Ameshawaambia mtaa mzima."

Ungedhani hapo angalau kule kanisani angepata faraja. Wapi! Ijumaa ya wiki ileile aliongoza nyimbo kwenye ibada ya chuo, na mwalimu wake wa ibada akamwandikia alama ambazo hata mtoto wa shule ya vidudu angezionea aibu. Mwalimu huyo alikuwa kijana kiasi, tai yake imepinda siku zote, na tulimwita Nusu Sauti kwa sababu ndilo neno alilowapigia wanakwaya kila siku: "Nusu sauti! Nusu sauti, jamani, Mungu si kiziwi!"

Nilikasirika, tena si kidogo. Mtu amechapwa upande wa kulia, wewe unamchapa na wa kushoto! Nikamshika Besi mkono nikampeleka mpaka kwenye chumba cha mazoezi, ambako Nusu Sauti alikuwa anafungasha nyaya za kinanda.

"Mwalimu," nikamwambia kabla hata sijasalimia, "huyu ameonewa. Kanisa zima limemsikia. Ameimba bila kukosea hata neno moja."

"Wewe unasoma ibada?"

"Mimi nasoma uuguzi."

"Karibu sana," alisema, akacheka, akatuvutia viti. "Ni kweli, ameimba bila kukosea. Lakini aliimba na nani?" Akamgeukia Besi. "Wale wazee wa benchi la mbele, walikuwa wapi wewe ulipoanza kibwagizo?"

Besi akafikiri. "Sijui, Mwalimu."

"Walikuwa bado wanavuta pumzi. Wewe ulishaondoka. Ubeti wa pili walikufukuza, wa tatu wakachoka, wa nne wakakaa kimya wakakusikiliza. Hiyo siyo kuongoza. Hilo ni onyesho." Hakuwa na ukali hata kidogo, ndicho kilichouma. "Anayeongoza watu kuimba haanzi pale alipo yeye. Anasikiliza kwanza wao wako wapi, anaanzia hapo, halafu ndiyo anawachukua polepole."

Adhabu aliyompa ilikuwa ya ajabu. Kila ibada Besi akae benchi la mbele katikati ya wastaafu, afumbe mdomo kabisa, na kazi yake iwe moja: ainue kidole kidogo juu ya paja kila wanapovuta pumzi. Asiimbe mpaka kidole na pumzi viende pamoja. Mtu mwenye sauti kama ile, umwambie afumbe mdomo kanisani! Nilisema ni uonevu, na nililisema hadharani kwenye foleni ya chakula.

Mwanzoni alirudi kila siku na uso mrefu. "Leo nimeinua kidole, wao hata hawakuvuta." "Leo nimechelewa wimbo mzima." Kisha taratibu taarifa zikabadilika. Akaanza kunisimulia habari za wale wazee kama mtu aliyetoka kutazama mechi. "Kuna bibi mmoja anakata neno katikati ili avute pumzi, na mwenzake wa kulia anajua, anamsubiri." "Yule mzee mwenye fimbo, kifua kinambana; pumzi yake ni fupi, ila akipata mstari mfupi anaimba kuliko wote." Nikamwambia atafute marafiki wa umri wake. Akacheka, na nilifurahi kukisikia kile kicheko kizito tena.

Jioni moja alikuwa anapiga pasi sare yake, mara akasimamisha pasi hewani.

"Nimefeli kitu kimoja," alisema.

"Viwili," nikamrekebisha. "Mimi nilikuwepo."

"Hapana, sikiliza. Kule nilikuwa na wimbo kichwani, sikuusikia moyo wa yule mzee. Na huku nilikuwa na wimbo kichwani, sikuwasikia wazee wanavuta pumzi. Ni kosa lilelile. Nikiwa na wimbo wangu, simsikii mtu."

"Nguo inaungua."

Haikuwa inaungua, nilitaka tu muda wa kuyameza hayo, maana alikuwa amesema kweli na mimi sikuwa nimeliona hilo.

Basi tukaanza mazoezi, na hayo nayaita ya kwetu sote maana mikono yetu ndiyo iliyotumika. Kila kwaya ilipokuwa inajizoeza, Besi alimkamata mtu mmoja akamkalisha nje ya ukuta wa kanisa, karibu kabisa na spika, akamshika mkono na kumhesabu mapigo wakati wimbo unamrindima masikioni. Mimi nilihesabu mkono wa pili, ili tulinganishe. Alianza na mimi, akaendelea na wasichana wa bweni, mpishi, mtunza maktaba. Askari wa getini alikimbia kuzunguka jengo kwanza ili amkoroge, akarudi anahema, akanyoosha mkono na uso wa mtu asiye na hatia. Mwanzoni Besi alikosea, wimbo ukambeba akapotea. Alikuwa anaacha, anafumba macho, anaanza upya. Ilifika mahali nikimwuliza wimbo gani ulikuwa unaimbwa, ananishangaa. "Kulikuwa na wimbo?"

Siku ya kurudia mtihani nilikuwa na zamu wodi aliyopangiwa, na siwezi kusema ilikuwa bahati, niliiomba. Wodi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji, vitanda kumi na viwili, dirisha linatazama kanisani. Mama Kimya aliingia na ubao wake wa kuandikia, akapita kitanda kimoja baada ya kingine, akasimama kwa yule mgonjwa ambaye sote tulikuwa tukiomba asituangukie.

Alikuwa mama mwenye duka la vitambaa, mwili mkubwa na ulimi mkali zaidi. Alikuwa amepasuliwa tumbo kwa ajili ya utumbo uliojisokota. Mshono ulikuwa mzima, lakini hakutaka kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa, na mtu aliyepasuliwa asipokohoa, makohozi yanatulia kwenye mapafu na homa ya mapafu inaingia. Homa yenyewe ilikuwa imeanza kupanda. Daktari alimweleza, akamjibu, "Njoo ukohoe wewe." Wauguzi wawili wenye miaka mingi kazini walijaribu asubuhi hiyo, wote wakafukuzwa. Na sasa Mama Kimya alimpa Besi.

"Mpime. Halafu mfanye akohoe," alisema, akavuta kiti, akakaa.

Nilimchukia dakika ile. Nasema kama lilivyokuwa. Nilimwona mtu aliyekwisha kuamua kumfelisha.

"Shikamoo, mama," Besi alisema.

"Marahaba. Kama umekuja habari za kukohoa, rudi ulikotoka. Nikikohoa nitapasuka."

"Nimekuja kukupima kwanza."

"Kupima sawa. Kupima hakuumi."

Besi akamshika mkono. Na hapohapo, kana kwamba walikuwa wamengoja, kwaya ikaanza ng'ambo ya nyasi. Tena ule wimbo wenyewe, ule wa siku ile! Nilikuwa nakunja taulo, nikaikunja ileile mara tatu. Nilimtazama Besi midomo. Haikucheza. Macho yalikuwa kwenye saa, uso umetulia, akahesabu dakika nzima bila kuharakisha, akaandika. Akapima pumzi, joto, presha, akaandika. Mama Kimya akainuka, akashika mkono wa mgonjwa, akahesabu yake, akatazama chati. Hakusimama ubavuni mwa Besi. Alirudi kukaa, na mimi nilijua nusu ya kwanza imepita salama.

Ikabaki nusu ya pili.

Besi alivuta stuli akakaa karibu na kichwa cha kitanda, na hakufanya chochote. Alikaa tu. Nilitaka kumrushia taulo. Mtihani unaendelea, mkufunzi ana kalamu mkononi, na mwenzetu amekaa kama mtu anayengoja chai! Kisha nikaona kidole chake juu ya paja kinainuka, kinashuka. Kinainuka, kinashuka. Alikuwa anamsikiliza yule mama anavyopumua. Pumzi zilikuwa fupi, za juu kifuani, kama za mtu anayeogopa kumwamsha mtu.

"Mbona hunisemeshi?" mama akauliza.

"Nakusikiliza, mama. Unaumia ukivuta ikifika wapi?"

Mama akamtazama, ukali umepungua kidogo. Nadhani kila mtu alikuwa amemwambia afanye nini, na hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo. "Ikifika hapa," akaonyesha chini ya mbavu.

"Basi tusifike hapo. Tuishie kabla."

Na hapo Besi akavuma. Kidogo sana, mdomo umefumbwa, noti moja fupi, fupi kama pumzi ya yule mama yenyewe. Akanyamaza. Mama alipovuta pumzi, naye akavuta. Mama alipotoa, akavuma tena.

Nilimtazama Mama Kimya. Kalamu ilikuwa imesimama hewani. Wodini kwangu huimbi, huvumi. Nilimsikia mwenyewe akiyasema hayo. Besi naye aliyajua kuliko mtu yeyote, na shingo yake ilikuwa imeloa jasho, lakini hakugeuka kumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mgonjwa. Nikasema moyoni, ameutupa, ameutupa uuguzi wake mbele ya macho yangu.

"Unafanya nini?" mama wa vitambaa akauliza.

"Navuma. Ukitaka, tuvume wote. Haina maneno."

"Mimi siimbi. Hata kanisani nafungua mdomo tu watu wasiseme."

"Afadhali. Huku hakuna kufungua mdomo."

Mama akacheka kidogo, akashika tumbo, "Usinichekeshe, mtoto wewe," na katika kutoa ile pumzi akajikuta amevuma. Noti moja, imekwaruza. Besi akaichukua palepale ilipo, akaishusha chini yake ile sauti yake nzito, ikaibeba. Tena. Tena. Hakuna aliyeona lini hasa zile noti zilirefuka. Ilikuwa moja fupi, ikawa moja na nusu, ikawa mbili. Na mtu akivuma kirefu lazima avute kirefu. Yule mama alikuwa anavuta pumzi mpaka chini ya mbavu na alikuwa hajatambua.

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kuvuma naye. Halafu wa dirishani. Bibi mmoja ambaye tulidhani amelala akaingia na sauti nyembamba ya juu. Wodi nzima ikawa inavuma, watu wazima na mishono yao, na kule nje kwaya ilikuwa imeshamaliza, wala hakuna aliyeikumbuka. Nasema ukweli, nimekaa kwenye ibada nyingi, lakini pale ndipo niliposali.

Besi alichukua mto, akauweka taratibu juu ya tumbo la mama, akaikunja mikono ya mama mwenyewe juu yake. "Ukumbatie, mama. Ubane kabisa. Hiyo inashika mshono, haupasuki, nakuapia. Vuma ndefu ya mwisho, halafu vuta, halafu toa kwa nguvu."

"Wewe mtoto ulikuwa unanizunguka kumbe!"

"Nilikuwa nakuzunguka, mama. Vuta."

Akavuta. Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikubwa, kizito, chenye makohozi ya siku zote alizokataa, na kitanda kilisogea. Akakohoa cha pili. Besi akashika beseni, mkono mwingine nyuma ya mgongo wake, anamwambia, "Ndiyo, mama, hivyohivyo, bado kidogo." Cha tatu kikatoka chepesi. Kisha mama wa vitambaa akajilaza kwenye mito, akagusa tumbo lake kwa tahadhari huku, kwa tahadhari kule, macho yamemtoka.

"Sijapasuka," alisema.

Wodi ikalipuka kwa vigelegele. Wanawake waliokuwa hawajathubutu hata kugeuka kitandani walipiga makofi, aliyeshindwa makofi akagonga kikombe kwenye meza. Mfanya usafi alisimama mlangoni na fagio lake akauliza nani amejifungua. Mimi nilikuwa napiga makofi na taulo mkononi, na nilipokumbuka niko zamu nikaiweka taulo chini ili nipige vizuri.

Mama Kimya alisimama. Kelele zikakatika mara moja, maana hata wagonjwa walikuwa wanamjua. Alitembea na vile viatu vyake visivyo na sauti, akapita upande wa pili wa kitanda, akaweka kipimo masikioni, akasikiliza mapafu ya mgonjwa mbele na nyuma. Alisikiliza muda mrefu. Akakitoa kipimo, akakining'iniza shingoni, akaanza kuandika.

Besi alikuwa anamfuta mama uso kwa kitambaa cha maji. Alishamaliza kazi, na hofu ilikuwa imepata nafasi.

"Mwanangu," mama wa vitambaa akamwambia, akimshika mkono, "kesho utakuja wewe? Maana wale wengine mimi siwataki."

Hilo halikuwa la Besi kulijibu. Aliinamisha kichwa, akaendelea kukunja kitambaa, akakikunja mpaka hakikukunjika tena, na wodi nzima ikangoja naye bila kujua inangoja nini.

"Atakuja," Mama Kimya alisema. Hakuinua macho kwenye karatasi yake. "Kesho na siku zote atakazohitajika." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe unayepiga makofi wakati wa kazi, mwandike zamu ya asubuhi."

"Ndiyo, Mwalimu!"

Besi alimtazama, kisha akamtazama mgonjwa wake. "Nitakuja, mama," alisema, na ile sauti nzito kwa mara ya kwanza ilikatika katikati ya neno. Akasubiri, akavuta pumzi, akarudia. "Nitakuja." Nilitoka nje mbiombio kwenda kwenye korido, maana muuguzi haruhusiwi kulia mbele ya wagonjwa, na mimi nilikuwa nalia.